Ushahidi Dhidi ya Mama Afisa

Machi 3

Daftari hili nimelinunua kwa kazi moja tu: kuandika makosa ya Mama Afisa mpaka lijae, kisha nimpelekee mkuu wake. Atakayelisoma ajue kwamba mwandishi ni fundi makochi wa pili kwa ubora mtaa huu. Wa kwanza ni Fundi mwenyewe, lakini yule anazeeka. Shule niliacha kidato cha kwanza, muhula wa pili. Iliyopata hasara ni shule.

Mama Afisa ni afisa ustawi wa jamii. Faili langu liko kwake tangu nina miaka kumi na tatu. Mama yetu alikuwa ameshafariki, na mimi na mdogo wangu tukaondolewa kwa mjomba, kwa sababu mjomba mkono wake ulikuwa mwepesi na mgongo wangu ulikuwa karibu. Mimi nikazungushwa nyumba mbili, ya tatu ikawa ya Fundi, nikaganda hapo mpaka leo. Mdogo wangu, msichana, alikuwa na miaka tisa. Mimi humwita Kisigino, kwa kuwa alinifuata nyuma kila mahali mpaka ananikanyaga visigino. Yeye alipelekwa kwenye familia nyingine. Wapi? Mama Afisa anajua, mimi sijui. Hilo ndilo kosa namba moja.

Mei 31 natimiza kumi na nane na faili langu linafungwa. Baada ya hapo mimi si mtoto wa ofisi ile tena. Kwa hiyo nina masika mazima ya kumkamua Mama Afisa anwani ya Kisigino. Mimi nimewahi kumkamua Fundi likizo ya siku mbili. Afisa ni nini?

Machi 6

Mvua ya kwanza. Sponji mbili zimelowa. Fundi kasema ni uzembe wangu. Ni kweli, lakini asingesema mbele ya mteja.

Machi 10

Siku yangu ya kwenda ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, meza, viti viwili, na kabati la chuma lenye kufuli. Ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kiti anachonikalisha kimekatika mkanda chini, ukikaa unazama kama umeingia kwenye ndoo.

Akauliza kazi, chakula, afya, kama nagombana na mtu. Nikamjibu kwa adabu mpaka mwenyewe nikajishangaa. Kisha nikachomekea, kama mtu anayeulizia saa:

"Hivi mama, mdogo wangu anakaa mtaa gani vile?"

Hata hakuinua kichwa. "Hilo siwezi kukuambia, mwanangu. Mahali anapokaa ni habari yake, si yangu. Mwenye kuitoa ni yeye."

"Mtoto wa miaka kumi na tatu atoe habari?"

Hapo ndipo akavua miwani. "Wewe ulikuwa na mingapi?"

Nikaona ni swali la kijinga, nikalipuuza. Nimeliandika hapa kama kosa namba mbili: kujibu swali kwa swali.

Machi 17

Watu hawajui, lakini fundi makochi ana kipaji cha kusoma kichwa chini miguu juu, kwa kuwa nusu ya maisha yake yuko chini ya fanicha. Leo kulikuwa na faili wazi mezani kwa Mama Afisa. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu huku jicho limenitoka. Nimesoma maneno mawili mazima: "Ombi la".

Akafunika faili kwa kiganja, taratibu, kama anamfunika mtoto. "Lile ni la mtu mwingine," akasema. "Ungependa la kwako lisomwe na atakayekalia kiti hicho saa nne?"

Nilitaka kusema ndiyo, linapendeza. Nikakumbuka yaliyomo. Nikaifunga kamba ya kiatu kweli.

Machi 24

Kosa namba tatu, na hili ni kubwa. Nimekutana na Mama Afisa sokoni, uso kwa uso, kapu mkononi. Akanipita kama nguzo. Mimi! Miaka minne anajua mpaka meno yangu mangapi yalitoboka, leo ananipita!

Nimerudi karakana nafoka. Fundi alikuwa na misumari mdomoni, akaitema.

"We Debe, ulimsalimia?" Huniita Debe, kwa kuwa debe tupu ndilo livumalo.

"Yeye ndiye mkubwa, angeniona."

"Mdogo ndiye huamkia."

"Fundi, uko upande wa nani?"

"Upande wa kochi hili, linatakiwa Ijumaa. Shika mkanda."

Machi 25

Nimemfuata ofisini ingawa si siku yangu. Nikamwambia wazi kwamba amenidhalilisha.

Akasema, "Sokoni ulikuwa na wenzako wawili. Ningekuita kwa jina, wangekuuliza unanijulia wapi. Ungewaambia nini?"

Ningewaambia ni shangazi. Uongo ninao wa kutosha, siwezi kupungukiwa.

"Mimi simsalimii mtu wangu barabarani mpaka anisalimie yeye," akasema. "Akitaka kunijua, atanijua. Asipotaka, mimi ni mama tu mwenye kapu."

Nimelikata kosa namba tatu kwa mstari mmoja. Mstari mwembamba, linasomeka bado.

Aprili 2

Nimekwenda na mkanda, nyundo na misumari kwenye mfuko. "Mama, leo nakitengeneza kile kiti. Bure. Zawadi."

Nilijua kuwa mtu aliyekalia kazi ya mkono wako hawezi kukunyima kitu. Hiyo ndiyo siasa.

Akacheka kicheko cha kweli, mara ya kwanza kukisikia. "Ee mwanangu. Nikikikubali leo, kesho nitakukatalia vipi?"

"Usinikatalie."

"Ndiyo maana sikipokei. Ofisi ikipata fungu, itamwita Fundi na italipa kama watu wote."

Nikarudi na nyundo yangu kwenye mvua. Mtu asiyependa hata zawadi unapitia wapi kwake? Hana mlango, yule mama. Ni ukuta mtupu.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 5

Mvua. Fundi ameniita Debe mara kumi na moja. Nimehesabu.

Aprili 8

Mvua. Kochi la jana limevimba miguu.

Aprili 14

Leo sikutaka kuandika, lakini nimeshindwa kufanya kitu kingine.

Mvua ilikatika mchana, wanafunzi wakapita wanarudi nyumbani. Mmoja alikuwa kabeba viatu mkononi, anakanyaga maji kwa makusudi, hasa yale yenye tope. Kisigino ndivyo alivyokuwa. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, maji yamekukosea nini?" Nikaacha stepla, nikamfuata yule binti mpaka pembeni mwa duka la dawa. Akageuka. Uso si wake. Akaniangalia kama mwizi, na kwa kweli sura ninayo.

Niliporudi nikasimama kando ya kochi kubwa ambalo mwenyewe hajalifuata. Siku tuliyoachana alinifika kwenye kiwiko. Sasa je? Mimi mwenyewe nimerefuka, kwa hiyo kiwiko si kipimo tena. Nikajaribu kupima kwa mkono wa kochi, kwa mgongo wa kochi, kwa mlango. Sijui urefu wa mdogo wangu. Naweza kukadiria kochi la watu watatu kwa jicho nisikosee hata inchi, lakini huyu simjui anaishia wapi.

Fundi akauliza natafuta nini. Nikasema futi. Ilikuwa shingoni mwangu.

Aprili 21

Mama Afisa kauliza kama kuna kitu changu kwenye faili ningependa kukiona au kukibadilisha. Kila mwaka huuliza hivyo. Nikamwambia abadilishe kiti.

Aprili 28

Habari mpya! Kabla faili halijafungwa, mwenye faili ana haki ya kulisoma lote, akiwa na afisa pembeni. Nimewekewa Mei 5. Faili lote! Ndani humo lazima kuna mahali Kisigino alipopelekwa. Maofisa nao ni watu, lazima mmoja kachoka akaandika. Nimenunua kalamu mpya.

Fundi kasema, "Unacheka peke yako kama fisi."

"Fundi, nyie wazee mtajua tu."

Mei 5

Nimerudi saa tisa. Sikwenda kazini, na Fundi hakuuliza. Naandika polepole, nisiruke kitu.

Faili langu ni nene kuliko nilivyodhani. Kurasa zinazomhusu mtu mwingine zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi nyeupe na kubanwa. Nikapitisha kidole pembeni ya karatasi moja, Mama Afisa akakohoa, nikatoa kidole. Tukasoma taarifa za shule (hizo zilikuwa fupi), za daktari, za nyumba ya kwanza walikosema nina "mdomo". Nikacheka. Naye akatabasamu, lakini hakufungua ukurasa uliofuata.

Akasema, "Ukurasa unaofuata ni maneno yako mwenyewe. Niliyaandika kama ulivyoyasema, nikakusomea, ukatia sahihi. Ukitaka tupumzike kwanza, sema."

"Maneno yangu mimi yanitishe?"

Nanakili hapa kama yalivyo:

"Mtoto ameelezwa kwamba hakuna familia iliyoweza kuwapokea wote wawili. Ameulizwa angependa kuwasilianaje na mdogo wake. Amesema: Asiniandikie. Yeye ndiye aliyemwambia mwalimu habari za mjomba, nilimkataza, akasema. Kama si mdomo wake tungekuwa pamoja. Sitaki barua yake, sitaki hata kusikia jina lake. Ameulizwa mara ya pili. Amesema: Nimeshasema, au masikio yenu ni ya mapambo?"

Chini yake kuna sahihi yenye mkia mrefu uliojikunja mara tatu. Ule mkia niliubuni mimi nikiwa darasa la tano. Hakuna mwingine duniani mwenye nao.

Miaka minne nimewaambia watu kwamba walinificha mdogo wangu. Nimemwambia Fundi, nimewaambia wenzangu, nimejiambia mwenyewe mpaka nikaiona sura ya gari lililomchukua. Hakukuwa na gari. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nimekunja mikono, nasema.

Nikauliza, "Sasa yeye aliulizwa?"

"Aliulizwa. Yeye alitaka kuandika."

"Akaandika?"

Mama Afisa akafungua bahasha kubwa ya kaki nyuma ya faili. "Hizi ni zako. Barua saba. Hazijafunguliwa. Ulikataa, nikazihifadhi. Kila mwaka nilikuuliza kama kuna vitu vyako kwenye faili ungependa kuviona. Mwaka juzi ulisema, kama haviliki, vilale. Sikuweza kukuambia vimetoka kwa nani, kwa kuwa ulisema jina lake usilisikie." Akaiweka bahasha mbele yangu. "Neno lako nililishika kama yai. Nikitazama sasa, naona nililishika kupita kiasi. Ningetafuta namna nyingine ya kukuuliza. Hilo ni kosa langu, nimeshamwandikia mkuu wangu. Na hii ni fomu ya malalamiko. Haipiti kwangu. Una haki nayo."

Sikuitazama fomu. "Naweza kuzisoma hapa?"

"Ni zako. Nitoke au nikae?"

Nikasema atoke. Akafika mlangoni, nikasema akae. Akakaa, akaangalia dirisha.

Bahasha hazikuwa na anwani. Nakiri nilitazama.

Ya kwanza: "Kaka, hapa nina kitanda changu peke yangu. Nikitembea nakanyaga hewa tu, hakuna visigino. Umekasirika mpaka lini? Nitajie siku yenyewe."

Ya tatu: "Nimekuwa wa pili darasani. Wewe uliwahi kuwa wa ngapi? Usidanganye, mama aliniambia."

Ya nne ni picha tupu. Watu wawili chini ya mwavuli mmoja, mkubwa kalowa upande.

Ya tano: "Nilimwambia mwalimu kwa sababu siku ile hukuamka haraka. Nilikuita mara tatu. Nilidhani umekufa kama mama."

Hiyo nimeisoma, nikaigeuza, nikaisoma tena. Siku hiyo mimi niliikumbuka kama siku ambayo Kisigino alinisaliti. Sikujua kama aliniita.

Ya saba ina mwaka mmoja na nusu: "Mama Afisa anasema bado hujasema unazitaka. Basi hii ni ya mwisho. Sina hasira. Mkono umechoka tu."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia mtu. Ilinisaidia.

Mei 6

Nimejaza fomu. Penye "Eleza kosa la afisa" nimeandika: Aliniamini nilipokuwa na miaka kumi na tatu. Penye "Unataka hatua gani ichukuliwe" nimekaa nusu saa, nikaandika: Wengine awaulize tena na tena.

Nimeipeleka kwa mkuu wake. Mama Afisa alikuwa kwenye korido, akaniona nayo, akanipisha kwa mikono kama anayempisha mgeni.

Mei 9

Nimemwandikia Kisigino kurasa nane! Nimemweleza kochi la daktari mmoja nililotengeneza, jinsi Fundi anavyonitegemea, ndevu zangu, mpango wangu wa karakana yenye bango. Mama Afisa hakuifungua. Alisema kwanza atamuuliza Kisigino kama anataka kuipokea.

"Akikataa?"

"Nitakuambia amekataa."

"Na hutamsihi?"

"Wewe sikukusihi."

Mei 12

Hakuna jibu. Fundi kasema nimetoboa kitambaa kipya. Sikubisha, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mei 16

Hakuna. Mvua imeanza kuchoka.

Mei 19

Hakuna. Nimezisoma zote saba tena. Mwandiko wake unapungua ukubwa kila barua. Ya kwanza herufi kama maboga, ya saba kama mtama. Amekua humo ndani ya bahasha, mimi nikiwa hatua tano tu kutoka kabati lile.

Mei 22

Ameipokea! Ameisoma! Mama Afisa kasema Kisigino amemruhusu kuniambia maneno mawili, na akayasoma kwenye karatasi ili asiongeze yake:

"La kwanza, mwambie hii ni barua ya fundi, sijaona ya kaka. La pili, akiwa na nyingine nitaisoma."

"Basi?"

"Basi."

"Hakucheka? Pale penye ndevu?"

"Sikupewa ruhusa ya kusema hilo."

Lakini nimemtazama machoni, nadhani alicheka. Au nimejidanganya tena, nina uzoefu.

Mei 25

Nimeandika kurasa tano, nimechana. Kila nikianza, nafika kwenye kochi la daktari.

Mei 27

Kurasa mbili. Nimechana.

Mei 29

Nimemuuliza Fundi barua ya kaka inakuwaje. Akafikiri mpaka gundi ikakauka.

"Sina dada," akasema. "Lakini mimi kochi likinishinda, navua kitambaa chote. Chini mara nyingi ni msumari mmoja tu."

"Fundi, hiyo ni busara au uvivu?"

"Shika mkanda, Debe."

Mei 31

Leo nimetimiza kumi na nane. Nimeandika asubuhi, kabla sijanawa uso, nisije nikapata maneno mengi:

"Ulifanya vizuri kumwambia mwalimu. Nilikukataza kwa kuwa nilikuwa naogopa, nikakuadhibu wewe. Siku ile sikukusikia ukiniita. Kama bado unaniita, nasikia."

Nimeiingiza kwenye bahasha ikiwa imelala peke yake kama kipande cha kitambaa kilichobaki.

Mama Afisa akafungua ukurasa wa mwisho wa faili. "Baada ya leo mimi si afisa wako. Yeye bado ni mtoto wa ofisi hii, kwa hiyo yeye nitaendelea naye. Ikija barua kutoka kwake, wewe unataka nini kifanyike?"

"Nazitaka zote. Za matusi, za picha, zisizo na kitu ndani. Ziletwe karakana, hata kama nimeoa, hata kama nimekuwa tajiri."

Akaandika yote, mpaka ya utajiri. Akanisomea. Nikatia sahihi bila mkia.

Mlangoni nikamwambia, "Mama, samahani kwa yote niliyokuandika."

"Umeniandika wapi?"

Nikasema hiyo ni habari yangu. Akacheka mpaka akashika kabati.

Juni 2

Hakuna.

Juni 5

Hakuna. Mvua imekwisha kabisa, sasa ni vumbi. Tumetoa makochi nje yaanikwe.

Juni 9

Hakuna.

Juni 13

Tarishi wa ofisi alipita mbele ya karakana. Nilisimama na nyundo. Alikuwa anakwenda kununua vocha.

Juni 18

Leo Fundi kaniuliza, huku anapima kitambaa, bila kuniangalia: "Na asipojibu je?"

"Ni haki yake," nikasema. "Ni neno lake. Mwenye kulitoa ni yeye." Nilisema vizuri, kwa sauti ya Mama Afisa kabisa, miwani tu ndiyo ilikosekana.

"Sawa," Fundi akasema.

Kisha nikaingia nyuma ya lile kochi kubwa, nikajifanya navuta mkanda wa chini, nikakaa huko muda mrefu kuliko mkanda wowote unavyohitaji. Fundi hakuniita Debe. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio mpaka huwezi kusikia mtu.